Tunakisingizia choo

Muulize mtu yeyote mjini UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inatoka wapi, atakujibu kabla hujamaliza swali: chooni. Mama anayempeleka binti bweni anamfungia kwenye tranka ndoo yake, kopo lake na onyo kwamba asikalie choo cha shule. Ofisini kuna karatasi imebandikwa ukutani ikiwataka kina dada wamwage maji kabla na baada. Watangazaji wa redio wanalisema hilo, wauza dawa wanalisema, na kwa masikitiko yangu hata wahudumu wa afya wengi wanalisema wakiwa kazini. Imani hii imezama kiasi kwamba anayeipinga anaonekana anatetea uchafu.

Mimi naipinga. Naipinga kwanza kwa kuwa si kweli, na pili kwa kuwa inatugharimu. Wanawake wenye ugonjwa huu hasa wanatibiwa vibaya, wasio nao wanameza dawa za bure, na wenye magonjwa mengine kabisa wanazungushwa mpaka yanakomaa.

Ugonjwa wenyewe, ule wa kibofu, una sura inayojulikana vizuri. Bakteria wanaingia kibofuni, utando wa ndani unavimba, mtu anaungua anapokojoa, anakimbilia msalani kila baada ya muda mfupi na kutoa matone, tumbo chini ya kitovu linauma, na mkojo pengine unakuwa na ukungu au damu. Basi. Mhusika mkuu, duniani kote, ni bakteria aitwaye Escherichia coli, au E. coli kwa kifupi, ambaye makazi yake ya kudumu ni utumbo mpana wa kila binadamu, msafi na mchafu, tajiri na maskini. Kutoka njia ya haja kubwa anahamia kwenye ngozi ya jirani, na kutoka hapo anapanda mrija wa mkojo. Mrija wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi. Wa mwanamume unakaribia 20. Katika tofauti hiyo ya maumbile ndimo yalimo maelezo mengi ya kwa nini wanawake, yapata nusu yao, huugua angalau mara moja maishani, na wanaume vijana kwa nadra sana. Aina za E. coli zinazoleta ugonjwa zina vinyweleo vyenye ncha zinazonasa kwenye chembe za kibofu, ndiyo maana mkojo hauwasombi wote. Na watafiti wanapolinganisha bakteria waliomo kwenye mkojo wa mgonjwa na waliomo kwenye utumbo wake, mara nyingi wanakuta ni ukoo mmoja. Mwanamke huyo hakuambukizwa na mtu wala na sinki. Bakteria ni wake mwenyewe, wamehama tu mahali.

Sasa nionyesheni choo kinapoingilia. Wengi wetu tunatumia choo cha kuchuchumaa, na kinachokigusa ni nyayo, tena zimevaa kandambili. Choo cha kukaa kinagusa mapaja na makalio, na ngozi ya paja haina mlango wa kwendea kibofuni. Watetezi wa imani hii wakibanwa hapo wanakimbilia mvuke: kwamba mkojo wa moto ukiangukia uchafu, mvuke unapanda na vijidudu vyake. Mvuke wa aina hiyo haubebi jeshi la bakteria mpaka ndani ya mwili wa mtu, na tone la maji lililorukia ngozi halina namna ya kupanda mrija ambao wakati huohuo unateremsha mkojo. Choo kichafu kina makosa yake makubwa. Kipindupindu, kuhara damu, homa ya matumbo: hayo yanatoka chooni kweli, yanapitia mikono isiyonawa, nzi na maji ya kunywa, yanaingia mdomoni. Kwa makosa hayo nataka vyoo visafi katika kila shule, stendi na soko la nchi hii. Ila tukikishitaki kwa kosa ambalo hakikulitenda, mkosaji wa kweli anaendelea na kazi yake.

Kuna ushuhuda ambao hurudiwa kila mahali: nilisafiri, nikatumia choo cha stendi, baada ya siku mbili nikaanza kuungua. Siukatai ushuhuda, nakataa tafsiri yake. Mtazame huyo dada alivyosafiri. Basi la Mwanza linatoka Mbezi alfajiri. Tangu jana jioni amepunguza maji, asije akalazimika kumwomba dereva asimame achimbe dawa, maana mwanamume atageukia mti wowote, yeye atatafuta kichaka huku abiria hamsini wanamsubiri dirishani. Morogoro anapitiliza. Dodoma anashuka, anaona foleni, anasikia harufu, anarudi kitini. Chupa ya maji aliyonunua iko palepale kwenye mfuko wa kiti cha mbele, imefunguliwa, imenywewa mafunda mawili. Anafika usiku amekojoa mara moja, mkojo mzito wa rangi ya chai. Sisemi kwamba kubana mkojo peke yake ndiko kulikomletea ugonjwa, kwa sababu ushahidi wa hilo haukubaliani. Ninachosema ni kuhusu maji, na hilo limepimwa.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Bulgaria kwa wanawake 140 ambao kibofu chao kilikuwa kinaugua mara kwa mara na ambao kwa kawaida walikunywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu za maji kila siku kwa mwaka mzima; wengine waliendelea na mazoea yao. Wasioongeza waliugua wastani wa mara 3.2 katika mwaka huo. Walioongeza, mara 1.7. Hakuna dawa iliyotumika hapo kuwakinga, ni maji tu.

Basi hapo choo kina hatia, na hatia yake ni kwamba hakiingiliki. Mama lishe wa Kariakoo hanywi maji mchana kutwa kwa kuwa choo cha karibu ni cha kulipia na hana wa kumwachia sufuria. Askari wa usalama barabarani wa kike anasimama juani saa sita kwa midomo mikavu akijua hana pa kwenda. Mwalimu wa shule ambayo wasichana mia mbili wanagombania matundu matatu amejifunza kutokunywa chochote mpaka arudi kwake. Ukija kwa wanawake hawa na tangazo kwamba choo kitawapa UTI, unawaongezea sababu ya kukikimbia na kutokunywa. Onyo hilo linawasogeza karibu na ugonjwa linaodai kuwakinga.

Kwa nini imani isiyo na mguu inatembea mbali hivi? Kwa maoni yangu inatembea kwa sababu ina adabu. Kichocheo kikubwa kuliko vyote cha ugonjwa huu kwa wanawake vijana ni tendo la ndoa. Msuguano unasukuma bakteria waliokuwa nje ya mrija wakaingia ndani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, uliowalinganisha wanawake wanaougua mara kwa mara na wasiougua, ulikuta kwamba wingi wa kukutana kimwili ndio uliotangulia mambo yote, ukifuatwa na matumizi ya dawa za kuua mbegu za kiume, mwenzi mpya, na kuwa na mama mzazi ambaye naye aliwahi kuugua. Namna ya kujipangusa haikuonyesha tofauti. Nguo za kubana hazikuonyesha tofauti. Hata desturi ya kwenda kukojoa baada ya tendo, ambayo haina hasara na siwezi kumkataza mtu, haikuonyesha tofauti.

Nani atayasema hayo kliniki, mgonjwa amesindikizwa na mama mkwe? Nesi mwenye huruma anaangalia chini, anasema labda ni choo, na wote wanapumua. Naielewa huruma hiyo, lakini imegeuka uongo wa taifa zima. Kungwi anamfunda mwari kila kitu cha ndoa, kuanzia chakula mpaka chumbani, na hamwambii kwamba wiki ya fungate anaweza kuamka anaungua mkojo, kwamba si laana, si ugonjwa alioletewa na bwana harusi, wala si dalili kwamba yeye alikuwa na mambo yake kabla. Binti anayekumbwa na hali hiyo bila kuandaliwa ananyamaza, au anaulizwa na mumewe swali ambalo hana jibu lake: umeutoa wapi?

Uongo huohuo unaumiza pia kwa upande wa pili. Kisonono, klamidia na trikomona navyo vinaunguza mkojo. Mwanamke anayetokwa na uchafu ukeni wenye harufu au rangi, ambaye mumewe naye anaungua au anatokwa na usaha, hana ugonjwa wa kibofu wa kawaida. Maambukizi ya kibofu hayatoki kwa mke kwenda kwa mume. Nyumba ikisema sisi wawili tuna UTI, karibu kila mara ni ugonjwa wa zinaa, na tiba yake ni ya wawili pamoja. Lakini choo kimeshapewa lawama, mume haguswi, mke anatibiwa peke yake, wanarudi kuambukizana. Mwisho wa njia hiyo ni mirija ya uzazi iliyoziba na mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hiyo ndiyo bei ya adabu yetu.

Kutoka kwenye choo lawama inashuka kwa mwanamke mwenyewe. Akiugua mara ya pili anaambiwa hajui kutawaza. Mara ya tatu anauziwa sabuni maalumu, kisha maji ya kujisafishia ndani, kisha vidonge vya kuweka ukeni vinavyodaiwa kusafisha kizazi. Wengine wanaambiwa waweke limao, au wamwagie dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni na kulikalia. Uke una bakteria wake wema wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo inayomzuia E. coli asijenge kambi mlangoni mwa mrija wa mkojo. Kila safari ya kusugua na kuosha ndani inawaua walinzi hao. Kutawaza kuanzia mbele kwenda nyuma ni desturi njema na kila mama aendelee kumfundisha binti yake. Kumwambia mwanamke anayeugua kwamba anaugua kwa sababu ni mchafu ni dhuluma, na wengi wa ninaowafahamu wanaosumbuliwa na ugonjwa huu ni wanawake waliojisafisha kupita kiasi kwa hofu hiyohiyo.

Nakuja kwenye jambo linaloniudhi zaidi. UTI imekuwa jina la kila homa. Zamani kila joto la mwili lilikuwa malaria, na watu walimeza dawa bila kupimwa. Kikaja kipimo cha haraka cha malaria, kikaanza kusema hapana, na daktari ambaye mgonjwa wake amelipa nauli na foleni hakutaka kumrudisha mikono mitupu. Homa ikahitaji jina jipya. Leo mtu mwenye uchovu ana UTI, anayeumwa mgongo ana UTI, mtoto mwenye mafua ana UTI. Dar es Salaam na Ifakara watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, walio chini ya miaka 10, kwa vipimo vya kina ambavyo kliniki zetu hazina. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliokuwa na maambukizi ya njia ya mkojo walikuwa asilimia 5.9. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na sehemu kubwa ya magonjwa yote ilitokana na virusi, ambavyo antibayotiki haiviui. Asilimia sita si ndogo, na mtoto mdogo mwenye homa isiyo na maelezo anastahili kupimwa mkojo kwa uangalifu, kwa kuwa kwake maambukizi yanaweza kupanda kwenye figo kimyakimya. Lakini asilimia sita si kila mtoto.

Angalia karatasi ya majibu ambayo mgonjwa anatoka nayo maabara. Ni kipande kilichokatwa kwa rula, mwandiko wa haraka, muhuri wa bluu pembeni. Chembe za usaha: 4 hadi 6. Chembe za ngozi: nyingi. Bakteria: wapo. Chini yake daktari ameandika UTI na dawa tatu. Sasa isome polepole. Chembe za ngozi zikiwa nyingi maana yake kikopo kilijazwa mkojo wa mwanzo, uliopita juu ya ngozi na kuzoa kila kilichokuwapo. Mgonjwa hakuelekezwa kwamba aanze kukojoa chooni, kisha akinge mkojo wa katikati. Karatasi hiyo inaeleza kilichokuwa kwenye ngozi yake, kibofu chake hakijasema neno. Hata mkojo uliokingwa vizuri ukiwa na bakteria, peke yake haitoshi. Zaidi ya miaka kumi sasa tunajua kwamba kibofu cha mtu mzima mwenye afya kina bakteria wake, tofauti na tulivyofundishwa shuleni. Wanawake wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo, hawana dalili yoyote, na miongozo ya kitabibu inakataza kuwatibu, kwa sababu kuwatibu hakuwapunguzii kitu na kunawazalishia bakteria sugu.

Mradi wa utafiti uitwao HATUA uliwapima mkojo wagonjwa zaidi ya 7,500 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na dalili za UTI. Si watu wenye uchovu tu, wenye dalili. Kati yao asilimia 35 tu ndio ambao mkojo wao uliotesha bakteria wa ugonjwa huo. Nitakuwa mwadilifu: waliobaki si wote hawakuwa na kitu. Kiwango cha bakteria 100,000 kwa mililita kinachotumika maabara nyingi kilitokana na kazi ya Edward Kass huko Boston miaka ya 1950, na mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake walionyesha kwamba mwanamke anayeungua mkojo anaweza kuwa mgonjwa kwa kiwango kilicho chini sana ya hapo. Wengine walikuwa wameshameza dawa nyumbani. Hata ukiwatoa hao, inabaki idadi kubwa ya watu wanaotibiwa ugonjwa ambao hawana. Na miongoni mwa bakteria walioota, karibu nusu walikuwa sugu kwa makundi kadhaa ya dawa kwa pamoja.

Usugu huo tumeutengeneza sisi. Simama jioni kwenye dirisha la duka la dawa, Temeke au Mbagala, usikilize. Naomba dawa ya UTI. Ya kawaida au sugu? Sugu, inarudi kila mwezi. Basi chukua hii, vidonge vitatu, moja kila siku. Ukizidiwa njoo kuna sindano. Hakuna aliyeuliza kama anaungua, kama ana mimba, kama ana homa, kama kuna uchafu ukeni. Vidonge hivyo vitatu ni azithromaisini, dawa ambayo mwili unaitoa zaidi kwa njia ya nyongo na ambayo kwenye mkojo haifiki kwa kiasi cha kutegemewa. Si dawa ya kibofu. Sindano ni seftriaksoni, dawa tunayoihitaji kwa homa ya uti wa mgongo na sumu ya damu, na tunaimaliza kwa watu wanaoumwa mgongo kwa kubeba ndoo. Ya tatu inayopendwa ni sipro, ambayo mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya isitumike kwa maambukizi mepesi ya mkojo pale dawa nyingine ipo, kwa kuwa inaweza kudhuru kano na neva. Dawa zote hizi tatu Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye kundi la kutumiwa kwa tahadhari.

Dawa ya kibofu ipo, ni ya zamani na watu hawaipendi kwa sababu ni kidonge tu. Nitrofurantoini inajikusanya kwenye mkojo na kuacha sehemu nyingine za mwili karibu bila kuguswa. Kwa mwanamke mwenye ugonjwa mwepesi siku 5 zinatosha. Ina masharti yake: haifai kwa mwenye figo zilizochoka, haifai wiki za mwisho za ujauzito, na kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao kwenye mwambao wetu si wachache, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo nayo iandikwe na mtaalamu. Huko Ujerumani mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wanawake 494 ambapo nusu walipewa dawa ya maumivu, ibuprofeni, bila antibayotiki. Theluthi mbili ya hao walipona bila antibayotiki kabisa. Lakini waliteseka zaidi siku za mwanzo na maambukizi ya figo yalikuwa mengi kidogo upande wao, kwa hiyo simshauri mtu ajikaze nyumbani. Nautaja ili tuache hofu kwamba kila siku bila sindano ni hatari.

Najua nitakachojibiwa. Wewe unazungumza kama mtu wa mji wenye maabara; zahanati ya kijijini haina kipimo cha kuotesha mkojo, bora kutibu kila mtu kuliko kumwacha mgonjwa. Hoja hii ina uzito kuliko zote, na jibu lake halihitaji maabara. Mwanamke asiye mjamzito anayeungua anapokojoa na kwenda haja ndogo mara nyingi, asiyetokwa na uchafu wala kuwashwa ukeni, ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 kwamba ni kibofu. Huyo mtibu leo, kwa dawa sahihi, hata bila kijiti cha kupimia. Asiyeungua wala kukimbilia chooni, aliyekuja kwa uchovu au maumivu ya viungo, usimpime mkojo kabisa. Mwenye homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni na kutapika, figo zake ziko hatarini, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maswali mawili matatu yaliyoulizwa kwa subira yanafanya kazi kubwa kuliko karatasi ya chembe za usaha.

Mjamzito ana kanuni yake. Yeye apimwe mkojo hata akiwa hana dalili, na akikutwa na bakteria atibiwe, kwa sababu kwake bakteria hao wakiachwa wanaweza kupanda kwenye figo na kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Inasikitisha kwamba katika nchi inayompima mkojo kila mwenye mafua, wako wajawazito wanaofika mwezi wa nane mkojo wao haujaguswa kwa kuwa vijiti vimeisha.

Mwanamume naye asiambiwe UTI kirahisi. Kijana anayetokwa na usaha apimwe magonjwa ya zinaa; mzee anayekojoa kwa kukatikakatika apimwe tezi dume. Na mtoto wa Pemba, au wa kijiji cha mashamba ya mpunga Shinyanga, anayekojoa damu mwishoni mwa mkojo, ana uwezekano mkubwa wa kichocho, ugonjwa wa mdudu ambaye Theodor Bilharz alimtambua Cairo mwaka 1851 na ambaye dawa yake ni prazikwanteli. Nimeshasikia simulizi za watoto wa namna hiyo waliopewa antibayotiki mwaka baada ya mwaka, huku mayai ya mdudu yakiendelea kukwaruza kibofu. Kichocho kilichoachwa muda mrefu kinaweza kuishia kwenye saratani ya kibofu. Wasichana kinawashambulia pia ukeni na kwenye shingo ya kizazi, wakaonekana kama wenye ugonjwa wa zinaa, wakatukanwa.

Nimewabakiza kina mama waliokoma hedhi, na nimewabakiza kwa kuwa wao ndio wanaozungushwa zaidi na wanaosikilizwa kidogo kuliko wote. Homoni ya estrojeni inapopungua, utando wa uke na wa mrija wa mkojo unakuwa mwembamba na mkavu, bakteria wema wanapotea, na E. coli anahamia. Mama wa miaka 60 anaanza kuugua kila baada ya wiki kadhaa. Anabadilishiwa antibayotiki nane kwa mwaka. Wanawe wanamnunulia choo kipya cha kukaa, wanamfungia na bomba la maji ya moto, na anaendelea kuugua. Mwaka 1993 Raul Raz na Walter Stamm walichapisha utafiti wa kina mama wa namna hii: waliopaka ukeni krimu ya estrojeni waliugua wastani wa mara 0.5 kwa mwaka, na waliopaka krimu isiyo na dawa mara 5.9. Hiyo ni zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Krimu hiyo inatumika kwa kiasi kidogo, inafanya kazi palepale inapopakwa, na mwenye historia ya saratani ya matiti azungumze kwanza na daktari wake. Mama huyo ameingia vyumba vya madaktari kumi, ameulizwa anatumia choo gani, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza hedhi yake ilikoma lini.